Zamu na Cheo katika Riwaya ya Mabinti wa Makioka

Vitabu vilivyotungwa juu ya ndugu wa kike ni vingi, na vingi katika hivyo hufuata njia moja: ndugu mmoja ni mwema, wa pili ni mbaya, na mwisho wa kitabu kila mmoja hupata stahili yake. Riwaya ya Kijapani iitwayo Sasameyuki haifuati njia hiyo. Ina ndugu wanne, wote wa tumbo moja, wala hapana katika wanne hao aliye mwema mtupu au mbaya mtupu. Hata hivyo wanaumizana, na kuumizana kwao kwaendelea karibu miaka mitano bila mmoja kumchukia mwenziwe. Kusudi la makala haya ni kuonyesha sababu ya maumivu hayo. Kwa maoni yetu haiko katika tabia za mabinti hao, bali katika desturi ya zamu: mkubwa aolewe kwanza, ndipo mdogo. Na kwa kuwa desturi ya namna hiyo si ngeni kwa wasomaji wetu, twadhani kitabu hiki chawafaa walimu, ingawa mambo yake yote ni ya Osaka na Kobe, wala si ya kwetu.

I. Mtungaji na kitabu chake

Mtungaji ni Tanizaki Jun'ichirō. Wajapani hutanguliza jina la ukoo. Alizaliwa Tokyo mwaka 1886, akafa mwaka 1965. Baada ya tetemeko kubwa la nchi la mwaka 1923 alihamia pande za Osaka na Kyoto, akazipenda lugha na desturi za huko kama mgeni apendavyo, yaani kwa kuzitazama sana. Mwaka 1935 alimwoa Matsuko, mwanamke wa Osaka, na kutoka kwa mkewe huyo na ndugu zake alipata sura za mabinti wa hadithi yake. Tena kabla ya kuianza kazi hii alikuwa ameifasiri kwa Kijapani cha siku hizi hadithi ya Genji, iliyotungwa na mwanamke wa mahakama ya mfalme yapata miaka elfu iliyopita. Anayejua habari hiyo hatashangaa kuona jinsi Sasameyuki inavyokwenda polepole, ikifuata majira ya mwaka, maua ya machipuko na vimulimuli vya kiangazi.

Sura za kwanza zilitolewa katika gazeti la Chūō Kōron mwanzo wa mwaka 1943. Vita vilikuwa vikali, na wakuu wa jeshi hawakupendezwa kuona kurasa nyingi zimejaa kimono, chakula na posa za wanawake, basi wakaikomesha. Mwaka 1944 mtungaji alipiga chapa juzuu ya kwanza kwa nafsi yake, akawagawia rafiki zake. Baada ya vita juzuu tatu zikatoka kwa watu wote, mwaka 1946, 1947 na 1948. Tafsiri ya Kiingereza ya Edward Seidensticker ilitoka mwaka 1957 kwa jina la The Makioka Sisters. Jina la Kijapani maana yake ni theluji nyepesi ianguka kwa chembe ndogo ndogo. Na neno yuki, yaani theluji, limo pia katika jina la Yukiko, binti wa tatu.

II. Hadithi kwa ufupi

Makioka ni ukoo wa wafanya biashara wa Semba, mtaa wa kale wa matajiri wa Osaka. Baba yao alikuwa mtu wa anasa na mkono wazi; alipokufa mali ilikuwa imepungua sana, wala hakuacha mtoto mwanamume wa kushika nyumba. Binti wa kwanza, Tsuruko, alikuwa ameolewa na Tatsuo, karani wa benki. Huyo, kwa desturi ya Wajapani, aliingizwa katika nyumba ya mkewe, akachukua jina la Makioka, akawa mkuu wa nyumba mahali pa mkwewe. Binti wa pili, Sachiko, aliolewa na Teinosuke, mtunza hesabu, naye vilevile alichukua jina la ukoo wa mkewe. Hao wawili wakaweka nyumba ya tawi mjini Ashiya, kati ya Osaka na Kobe, wakapata binti mmoja, Etsuko. Yukiko, wa tatu, na Taeko, wa nne, hawajaolewa. Desturi yawataka wakae katika nyumba kuu kwa Tatsuo. Mioyo yao yawapeleka kwa Sachiko.

Hadithi yaanza mwaka 1936, Yukiko akiwa na miaka 30, umri uliohesabiwa mkubwa mno kwa msichana asiyeolewa. Zamani wachumba walikuja kwa wingi, na nyumba ikawakataa kwa kiburi: huyu ukoo wake mdogo, huyu kazi yake duni. Sasa wanakuja mmoja mmoja, na kila aliyekuja ana kasoro kubwa kuliko aliyemtangulia. Mshenga wa kwanza tunayemwona ni Bibi Itani, mwenye duka la kutengeneza nywele. Wachumba watano wapita mbele ya macho yetu. Mmoja akataliwa kwa kuwa mama yake ana ugonjwa wa akili. Wa pili, mzee kidogo, awapeleka wageni nyumbani kwake na kuwaonyesha picha za mkewe na watoto wake waliokufa, na Yukiko hawezi kumvumilia. Wa tatu ndiye awakataa Wamakioka, jambo ambalo halijapata kutokea, nalo lawapiga kama kofi. Wa nne, Hashidera, ni mtu mzuri. Lakini apiga simu kumwalika Yukiko matembezi, na Yukiko kwa haya amngojesha, kisha ajibu kwa sauti isiyosikika vema, na mambo yakavunjika pale pale. Wa tano, Mimaki, mtoto wa mtu mwenye cheo cha heshima kuu, ndiye apatanaye naye, na kitabu chaisha Aprili 1941, Yukiko akiwa katika gari la moshi kwenda Tokyo kuolewa.

Wakati huo wote Taeko hakuketi kungoja. Alipokuwa msichana wa miaka kama ishirini alitoroka na kijana wa nyumba ya Okubata, wauza vito wa Semba, wakarudishwa. Baadaye alitengeneza wanasesere na kuwauza, akajifunza kushona nguo za Kizungu, akapata fedha zake mwenyewe. Katika mafuriko ya Julai 1938, yaliyoipiga Kobe na miji ya jirani kweli kweli, aliokolewa na Itakura, mpiga picha, aliyekuwa zamani kijana wa kazi dukani kwa Okubata. Taeko akampenda, na Itakura akafa kwa ugonjwa ulioanzia sikioni. Taeko akarudi kwa Okubata, akaugua kuhara damu nusura afe. Mwisho akachukua mimba ya Miyoshi, mhudumu wa baa. Mtoto akafa katika kuzaliwa, na Taeko akaenda kukaa na Miyoshi kimya kimya, bila arusi.

III. Majina ya ndugu

Kabla ya kuhukumu, yafaa tutazame lugha, maana nusu ya hadithi imefichwa humo. Kijapani hakina neno moja la kawaida lenye maana ya ndugu wa kike tu, bila kutaja nani mkubwa na nani mdogo. Liko ane, dada mkubwa, na liko imōto, mdogo wa kike. Wakitaka kuwataja pamoja hutumia neno shimai, ambalo huandikwa kwa herufi mbili: ya kwanza ya mkubwa, ya pili ya mdogo. Basi hata ukitaka kusema “ndugu” tu, umekwisha kuwapanga mstari.

Kiswahili kina jambo linalokaribiana na hilo. Siku hizi dada ni ndugu wa kike ye yote, lakini katika matumizi ya zamani ya pwani msichana alimwita dada yule aliyemtangulia kuzaliwa, na dada akamwita yule mwingine mdogo wangu. Neno ndugu peke yake halisemi mkubwa wala mdogo, mume wala mke. Tena tunayo maneno mawili ya cheo cha kuzaliwa: kifungua mimba na kitinda mimba. Katika nyumba za Semba binti wa mwisho alikuwa na jina lake la heshima na mapenzi, koi-san, maana yake binti mdogo wa nyumba. Taeko huitwa hivyo na watu wote, ndugu, watumishi na wapenzi wake, hata anapokaribia miaka thelathini. Itakura naye, aliyemtoa katika maji, hamwiti kwa jina jingine. Ni jina tamu, lakini ni kifungo. Maadamu yeye ni koi-san, hana ruhusa ya kuwa mtu mzima kabla ya dada yake.

Mtu akiifasiri riwaya hii kwa Kiswahili, na aangalie sana hapo. Akiandika “ndugu” kila mahali atakuwa ameubomoa ukuta ambao hadithi nzima imejengwa juu yake. Taeko na amwite Yukiko dada, na Yukiko amwite Taeko mdogo wangu, na koi-san libaki au lipewe neno la kwetu la kitinda mimba. Msomaji asikie cheo katika kila wito.

IV. Desturi ya zamu, na bei yake

Desturi ya kutomtanguliza mdogo mbele ya mkubwa si ya Wajapani tu. Msomaji wa Kitabu cha Mwanzo amekwisha kuijua katika habari za Lea na Raheli, ambapo Labani aliitoa kuwa udhuru wa hila yake. Tutazame kwanza wema wake, maana desturi isiyo na wema wo wote haidumu. Desturi ya zamu ni ngao ya binti mkubwa. Yamlinda asipitwe kwa sababu mdogo ana uso mzuri zaidi au ulimi mwepesi zaidi. Yawalazimisha wazee wamtafutie mume kwanza yule ambaye ni vigumu kumpatia. Kwa hiyo ni sheria ya huruma.

Lakini sheria hii ni mkataba wenye pande mbili. Upande mmoja wasema, Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mdogo na atii, angojee. Upande wa pili wasema, Mkono mtupu haulambwi. Mkuu na atoe, yaani afungue mlango kwa wakati wake, ili wanaongojea wapite. Katika siku za baba yao pande zote mbili zilikuwako: nyumba ilidai utii, na nyumba ilikuwa na mali, jina na rafiki za kumpatia kila binti mume wa kumfaa. Baba amekufa, duka limeuzwa kwa wengine, jina lakumbukwa na wazee wa Semba tu. Mkono umekuwa mtupu, na bado wanyoshwa ulambwe. Tatsuo hawezi kumwoza Yukiko. Hata hivyo amkataza Taeko kuolewa kabla ya Yukiko, na amkataza kuwa mwanamke wa kazi kwa kuwa ni aibu kwa jina la Makioka. Taeko aomba fedha ambazo adhani baba aliziweka kwa ajili ya arusi yake, apate kwenda Ufaransa kusomea ushonaji, hapewi.

Wengine watasema kosa ni la Tatsuo kwa tabia yake. Sisi twaona ni la kiti alichokalishwa. Yafaa tulinganishe na Wayao, ambao wengi wa wasomaji wetu wa kusini wanawajua. Kwa Wayao kundi la ndugu wa kike na watoto wao huitwa mbumba, nalo lina mlinzi, kwa kawaida kaka yao mkubwa. Mume huja kukaa kijijini kwa mkewe, lakini mamlaka juu ya mbumba si yake. Yeye ni mkwe, hukaa kwa adabu ya ukwe. Kwa Wajapani wa nyumba kama hii, mume huja vilevile, lakini huvikwa jina na kukalishwa katika kiti cha baba. Tatsuo ni mgeni aliyefanywa mwenyeji. Akilegeza, watasema hakuijali nyumba isiyo ya damu yake. Akikaza, watasema ameiteka. Basi ashika sheria kwa herufi zake, kwa kuwa hana haki nyingine ya kushika. Mwana wa damu angaliweza kusema, “Baba angalikubali.” Yeye hawezi.

Sheria ya nchi ilimsaidia. Sheria ya mwaka 1898 ilimpa mkuu wa nyumba mamlaka juu ya ndoa na makao ya watu wake. Sheria hiyo ya nyumba iliondolewa, na mpya ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1948. Na mwaka uo huo ndio juzuu ya tatu ya riwaya ilipotoka. Wajapani waliosoma mwisho wa hadithi walikuwa wakisoma habari za mamlaka iliyokwisha kufutwa katika vitabu vya sheria, lakini haikuwa imefutwa mioyoni.

V. Ushindani ulivyo

Kwa hiyo ushindani wa Yukiko na Taeko si wa kugombea mwanamume, wala mali, wala sifa ya uzuri. Ni ushindani wa watu wawili waliosimama katika mlango mmoja mwembamba. Wa mbele hapiti, na wa nyuma hawezi kumsukuma kwa kuwa ni dada yake. Kila mchumba ambaye Yukiko amkataa, na kila siku anayonyamaza, ni mwaka mmoja zaidi wa kungoja kwa Taeko. Na kila uvumi unaotoka juu ya Taeko humwondolea Yukiko mchumba mwingine. Wanaharibiana bila kukusudia.

Mtungaji ameliweka jambo hili mapema kwa kisa kimoja kilichotungwa kwa ustadi mkubwa. Taeko alipotoroka na Okubata, gazeti moja liliandika habari hiyo, likakosea, likaweka jina la Yukiko. Tatsuo akadai masahihisho. Gazeti likasahihisha, likaweka jina la Taeko. Mambo yakawa mabaya mara mbili: waliosoma mara ya kwanza hawakusoma mara ya pili, kwa hiyo Yukiko hakusafika, na Taeko, ambaye angaliweza kufichwa, akatangazwa. Katika kisa hicho kifupi riwaya nzima imo: jina la mmoja lashikamana na jina la mwenziwe, na juhudi ya mkuu wa nyumba ya kutenda haki yawaumiza wote wawili.

Wasomaji wengi hupenda kumsifu Yukiko kwa upole wake. Upole anao; alimwuguza Etsuko alipopata homa nyekundu, akamwuguza Taeko katika kuhara damu kwake, hata katika nyumba ya Okubata ambako hakupenda kukanyaga. Lakini kimya chake si unyonge. Yeye hasemi “sitaki”. Hunyamaza tu, na watu kumi huzunguka huku na huku kwa ajili ya kimya kile, washenga hukasirika, Sachiko huugua kwa fadhaa. Mwisho wake kila lisilompendeza Yukiko halitendeki. Na siku anapofungua kinywa, maneno yake ni makali. Okubata alipopata neno la kwenda Manchuria, Yukiko alimwambia Taeko waziwazi kwamba imempasa kwenda naye, kwa kuwa ametumia fedha za kijana huyo miaka mingi. Taeko alilia, akatoka. Sachiko alistaajabu, hakujua kwamba upanga ule ulikuwamo alani. Na hapo Yukiko alisema kweli: Taeko, aliyejisifu kwamba ajitegemea, alikuwa amepokea vitu vya Okubata bila kumpenda. Mtungaji hakumficha wala huyu wala yule.

VI. Vyeo vilivyohama

Huku wawili hawa wamesimama mlangoni, vyeo vya nyumba vinahama nyuma yao, na hapo ndipo kitabu ni tajiri kuliko pote. Tatsuo ahamishwa na benki kwenda Tokyo, na Tsuruko amfuata pamoja na watoto wao sita katika nyumba ndogo ya kupanga. Kifungua mimba, aliyelelewa kama malkia wa Osaka, sasa ahesabu senti katika mji asioupenda. Na nyumba kuu, yenye mamlaka yote, yageuka kuwa bahasha itokayo mbali. Sachiko, wa pili, awa mama wa wote. Teinosuke, ambaye kwa cheo hana neno, ndiye aandikaye barua kwa washenga, aendaye kumtafuta Taeko katika mafuriko, afanyaye kazi ya baba. Naye aangalia sana asionekane amemrukia Tatsuo. Kitinda mimba, aliyepaswa kulishwa na wote, ndiye wa kwanza kula jasho lake. Kila mtu atenda kazi ya kiti kingine, na kila mtu bado aitwa kwa jina la kiti chake cha zamani.

Sachiko ndiye roho ya kitabu. Yeye hana nguvu za kuamuru, ana nguvu za kupatanisha tu, na apatanishaye hupigwa kutoka pande mbili. Mtungaji atuonyesha neno moja la kutisha juu yake. Itakura alipokufa, Sachiko, mwanamke mwema aliyekaa karibu na maumivu yale, aliona moyoni faraja: jambo la aibu la koi-san kuolewa na mtu aliyekuwa kijana wa kazi limekwisha. Kisha akaona haya kwa faraja hiyo. Hatujui ukurasa mwingine unaoeleza vema kuliko huo kile ambacho cheo huweza kumtenda mtu mwema. Hakumwombea kijana kifo. Nyumba ndiyo iliyoomba, kwa kinywa chake kisichofunguka.

VII. Kasoro ya kitabu

Pamoja na sifa hizi twaona kasoro moja iliyo kubwa. Mtungaji hataki kumhukumu Taeko kwa maneno, lakini ampelekea hukumu kwa matukio. Mafuriko, kifo cha mpenzi, kuhara damu, mtoto mfu: yote yamwangukia yeye. Yukiko akataa wachumba, huvunja posa njema kwa kutosema neno moja katika simu, na mwisho apewa mtoto wa mtu mkuu. Msomaji asiyeangalia atadhani ameambiwa, “Atiiye hupata, aasiye hupatwa.” Nasi twaamini mtungaji hakukusudia hivyo, ila aliupenda mno uzuri wa kale ambao Yukiko ni mfano wake, na mkono ukaelemea upande huo wenyewe.

Yako ya kumtetea. Ukurasa wa mwisho hauna shangwe. Mavazi ya arusi yamletea Yukiko huzuni, na tumbo lamharisha, nalo haliachi hata katika gari la moshi. Wengine wameliona neno hilo kuwa la utovu wa adabu kwa kumalizia kitabu kizuri. Sisi twaliona kuwa ni haki iliyokuja kwa kuchelewa. Mwili wa Yukiko wasema yale ambayo kinywa chake hakikusema kwa miaka mitano. Kutangulia si kufika. Wa mbele amepita mlangoni akiwa mgonjwa. Wa nyuma amepita dirishani akiwa na jeraha. Na mlango wenyewe ulikuwa wa nyumba ambayo haiko tena.

VIII. Manufaa kwa walimu

Yako majaribu mawili kwa mwalimu atakayekisoma kitabu hiki na wakubwa wa shule yake. La kwanza ni kuwaambia wasichana, “Kaeni kama Yukiko.” La pili, la siku hizi zaidi, ni kuwaambia, “Jikomboeni kama Taeko.” Majibu yote mawili hutazama mabinti na kuiacha desturi bila kuulizwa neno. Swali lililo bora ni hili: nyumba hii ilidai nini kwa watoto wake, na ililipa nini? Wanafunzi wakilishika swali hilo wataweza kulichukua mpaka vijijini kwao. Huko watakuta msichana aliyetolewa shuleni ili kaka asome, kisha akalaumiwa kwa kutojua kitu. Watakuta dada mkubwa aliyelea wadogo zake wote, nao wakaolewa, yeye akabaki akiitwa mkaidi. Watakuta mjomba adaiye heshima ya mlinzi katika nyumba asiyoilinda. Hao wote wamo katika kitabu hiki, kwa majina ya Kijapani.

Wala tusifikiri kwamba dawa ni kuitupa desturi ya zamu. Ni rahisi kuicheka, na akiisha kuitupa mtu ataona kwamba ngao ya binti asiye na uzuri wala mali imetupwa pamoja nayo. Labani alikuwa mdanganyifu, lakini Lea naye alikuwa mtoto wa mtu. Lililo gumu, na ndilo riwaya hii iliwekalo mbele yetu, ni kujua ni saa gani desturi imeacha kumlinda mtu na kuanza kumla. Hakuna kengele ilia saa hiyo. Katika nyumba ya Makioka haikusikika, kwa kuwa wote walikuwa na adabu, wote walipendana, na kila mmoja alikuwa akingoja mwingine aseme kwanza. Mwenye amri ya kusema alikuwa Tatsuo, naye alikuwa Tokyo, akilinda jina.

Wahenga walisema ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime, maana watapatana nawe utaaibika. Mabinti wa Makioka hawakugombana hata kidogo kwa namna ambayo jirani angeiona. Kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuwaamua. Mwalimu mwenye wasichana wanne wa nyumba moja darasani, wapole na wenye heshima, na awaangalie kwa makini zaidi kuliko wale wanaopiga kelele.